'Trump' na turufu: Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja Uingereza na mwingine pwani yetu

NENO la Kiingereza 'trump' huwahangaisha sana watafsiri wetu. Simaanishi jina la rais wa Marekani. Namaanisha kitenzi kile ambacho mawakili, wahariri na wanasiasa hupenda kukitumia wanaposema, kwa mfano, kwamba maslahi ya taifa 'trumps' maslahi ya mtu binafsi, au kwamba Katiba 'trumps' sheria nyingine zote. Mpe mwanafunzi wa tafsiri sentensi kama hiyo, naye atakuandikia kwamba maslahi ya taifa 'yanashinda', 'yanapita', 'yanazidi' au 'ni muhimu kuliko' ya mtu binafsi. Wengine hukata tamaa na kudai eti Kiswahili hakina neno la kubeba dhana hiyo.

Dai hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Neno tunalo, wala halikubuniwa juzi na kamati ya istilahi. Limekuwa vinywani mwa wachezaji karata wa pwani kwa muda mrefu, na ukilifuatilia asili yake utagundua kwamba ni ndugu wa damu wa hilo la Kiingereza. Neno lenyewe ni turufu.

Kabla ya kufika huko, hebu tuondoe magugu. Kwanza, jina la Donald Trump halikutokana na kitenzi hiki cha Kiingereza. Ukoo wa baba yake ni wa Kijerumani, kutoka mji mdogo wa Kallstadt, na babu yake, Friedrich Trump, alihamia Marekani mwaka wa 1885. Pili, Kiingereza cha zamani kina 'trump' nyingine yenye maana ya tarumbeta, ndiyo inayopatikana katika Biblia ya King James panapotajwa siku ya ufufuo, mahali ambapo Biblia ya Kiswahili ina parapanda. Hilo ni neno jingine kabisa. Yamefanana kwa sauti tu kama vile kaa la moto na kaa wa baharini. Tatu, Waingereza husema mashtaka fulani ni 'trumped-up', nasi tunasema mtu amebambikiwa kesi. Maana hiyo haihusiani na kuwapita wengine, kwa hivyo naiweka kando.

Tukishang'oa magugu hayo, tunabaki na 'trump' yetu, nayo safari yake inaanzia Roma ya kale.

Jenerali wa Kirumi aliyeshinda vita vikubwa aliweza kupewa na Seneti heshima iliyoitwa kwa Kilatini 'triumphus'. Hayakuwa maneno matupu. Yalikuwa maandamano rasmi ndani ya mji: jenerali juu ya kigari cha farasi wanne, shada la majani kichwani, askari wake nyuma wakiimba, nyara za vita mbele, na mateka wakiburutwa kwa minyororo hadi hekalu la Jupiter kwenye kilima cha Capitolium. Mwaka wa 46 kabla ya Kristo, Julius Caesar alifanya maandamano manne ya namna hiyo kwa mpigo, na miongoni mwa mateka walioonyeshwa ni Vercingetorix, kiongozi wa Wagauli, ambaye baadaye aliuawa. Wanaisimu wengi wanaamini kwamba Warumi wenyewe walilipata neno hilo kutoka kwa Wagiriki, waliokuwa na 'thriambos', wimbo wa kumsifu mungu Dionysus, na kwamba huenda lilipitia kwa Waetruski.

Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili halikuwa na maana ya ushindi wa kawaida. Majenerali wengi walishinda vita. Ni wachache waliopewa 'triumphus'. Aliyepewa aliwekwa daraja nyingine kwa siku moja, juu ya raia wenzake wote. Kumbuka jambo hilo la daraja, kwa maana tutalihitaji mbele.

Kutoka Kilatini, neno liliingia Kiitaliano likawa 'trionfo'. Katika karne ya 14, mshairi Petrarca alitunga utenzi uitwao Trionfi, wenye maandamano sita ya mafumbo. Upendo unawateka wanadamu. Usafi wa Mwili unaushinda Upendo. Mauti yanaushinda Usafi. Sifa inayashinda Mauti. Wakati unaishinda Sifa. Na mwisho Umilele unaushinda Wakati. Kila anayekuja anampita aliyetangulia, tena si kwa kuwa ana nguvu zaidi za aina ileile, bali kwa kuwa ni wa aina nyingine. Mfalme awe hodari namna gani, Mauti hayajali uhodari wake.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa imepata mchezo mpya. Karata ziliingia huko katika karne hiyo ya 14 kutoka nchi za Kiislamu, na ushahidi mkubwa unaelekeza Misri ya Wamamluki. Pakiti za Misri zilikuwa na jamii nne: vikombe, sarafu za dhahabu, panga, na magongo ya mchezo wa polo. Tafadhali usizisahau jamii hizo nne, maana tutakutana nazo tena hapa kwetu.

Kufikia miaka ya 1440, kaskazini mwa Italia kulikuwa na pakiti zilizoongezewa karata maalumu zenye picha za mafumbo. Karata hizo, ambazo hazikuwa za jamii yoyote kati ya zile nne, zilikuwa na uwezo wa kuzishinda zote. Ziliitwa 'trionfi'. Baadaye wachezaji waligundua kwamba hakuna haja ya kununua karata za ziada. Unachukua pakiti ya kawaida, unateua jamii moja, unaitangaza kuwa ndiyo yenye cheo kwa mchezo huo, na kazi imekwisha. Jina likahamia huko. Wafaransa wakasema 'triomphe', Waingereza wakasema 'triumph', na kwa kuwa mdomo wa mchezaji hauna subira, likafupishwa kuwa 'trump'.

Mojawapo ya ushahidi wa mapema katika Kiingereza umetoka mahali usipopatarajia: mimbarini. Mnamo Desemba 1529, kasisi Hugh Latimer alihubiri huko Cambridge mahubiri yaliyojulikana kama mahubiri ya karata. Krismasi ilikuwa inakaribia, msimu wa watu kucheza karata, naye akaamua kuwafundisha waumini wake kwa lugha ya mchezo wao. Aliwaambia kwamba katika mchezo wa Kristo, jamii yenye cheo ni ile ya mioyo. Latimer alichomwa moto huko Oxford mwaka wa 1555 kwa sababu ya imani yake. Shakespeare naye, katika tamthilia ya Antony and Cleopatra, anamfanya Antony alalamike kwamba malkia amemchezea karata za hila pamoja na Caesar, na hapo mwandishi anacheza na neno 'triumph' lenye maana mbili: fahari ya Kirumi na karata yenye cheo. Hadhira yake ilielewa mara moja.

Kutoka mezani, neno likaingia katika mazungumzo ya kawaida, na leo Mwingereza asiyewahi kushika karata anasema hoja hii 'trumps' ile. Lakini ili tuelewe anachosema, lazima turudi mezani kidogo.

Tuseme tunacheza watu wanne na shupaza ndiyo turufu. Anayeanza anatupa ree ya kopa. Katika jamii ya kopa hakuna karata iliyo kubwa kuliko hiyo. Wa pili anatupa kopa ndogo, wa tatu vilevile. Wa nne hana kopa hata moja. Anachomoa mbili ya shupaza, karata duni kabisa ambayo siku nyingine hakuna anayeijali, na anazoa zote. Ree imepigwa na mbili! Imepigwaje? Si kwa ukubwa. Ukipima ukubwa, mbili haifui dafu mbele ya ree. Imepigwa kwa sababu kanuni iliyokubaliwa kabla ya mchezo kuanza inasema kwamba karata yoyote ya shupaza, hata iliyo ndogo kuliko zote, iko juu ya karata yoyote ya jamii nyingine.

Hiyo ndiyo roho ya 'trump', na hiyo ndiyo roho ya turufu. Ni kumpita mwingine kwa daraja, wala si kwa kiasi.

Sasa turudi nyumbani. Wareno walifika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka wa 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka wa 1593, na wakafukuzwa humo na Waomani mwaka wa 1698. Karibu karne mbili za vita, kodi na biashara ziliacha maneno machache tu katika Kiswahili, lakini ni maneno tunayoyatumia kila siku bila kujua: meza, bendera, leso, kasha, mvinyo, nanasi. Meza ya karata nayo ilikuja na msamiati wake mzima. Karata yenyewe ni 'carta' ya Kireno. Na Wareno, kwa 'trionfo' ya Kiitaliano, walikuwa na 'trunfo'.

Mswahili alilipokea 'trunfo' na kulifanyia alichowafanyia wageni wote. Kiswahili cha asili hakipendi konsonanti mbili zilizobanana kama 'tr', kwa hiyo kikachomeka irabu katikati: turu-. Ile 'n' iliyokuwa imejificha puani kabla ya 'f' ikadondoka, na 'o' ya mwisho, ambayo Mreno huitamka karibu na 'u', ikawa 'u' kamili. Turufu! Mwingereza alifupisha, sisi tukarefusha, lakini mama ni mmoja. 'Trump' na turufu ni wajukuu wa 'triumphus' ya Roma.

Si hao tu. Jamii nne za karata kwa Kiswahili ni kopa, uru, shupaza na pau. Kwa Kireno ni 'copas', yaani vikombe, 'ouros', dhahabu, 'espadas', panga, na 'paus', magongo. Umezikumbuka zile jamii nne za Misri? Ndizo hizi hizi. Karata zilitoka Afrika Kaskazini, zikazunguka Ulaya, kisha zikarudishwa Afrika Mashariki merikebuni, na mzee wa Lamu anayeshika karata yenye moyo mwekundu na kuiita kopa anataja vikombe vya Wamamluki. Tena Mwingereza naye yumo katika mkumbo huo: neno lake 'spades' halina uhusiano na sepeto ya shambani kama wengi wanavyodhani, bali ni 'spade' ya Kiitaliano, yaani panga. Kwa hivyo 'spades' na shupaza nao ni ndugu.

Kuna ushahidi mwingine unaonifurahisha zaidi. Karata zenye picha za watu huitwa mzungu kwa Kiswahili: mfalme ni mzungu wa nne, ghulamu ni mzungu wa tatu, na malkia ni mzungu wa pili. Mbona malkia awe chini ya ghulamu? Jibu liko katika michezo ya Kireno kama bisca na sueca. Humo mfalme ana alama 4, ghulamu 3 na malkia 2. Saba, ambayo Waswahili huiita seti kutokana na 'sete' ya Kireno, ina alama 10, na ree ina 11. Jumlisha kwa jamii zote nne utapata alama 120. Mwenye 60 hajashinda, anahitaji 61. Na pwani kuna mchezo wa karata unaoitwa wahedusitini, maneno ya Kiarabu yenye maana ya sitini na moja. Kireno kimetoa hesabu, Kiarabu kimetoa jina, Mswahili amecheza. Sioni kwamba huo ni mfanano wa kubahatisha.

Basi neno tunalo. Tatizo letu ni kwamba hatulitumii vyema, na hapo ndipo ninapotaka kuwavuta sikio kidogo wenzangu wa vyombo vya habari.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuelezea kuwapita wengine, na kila kimoja kina kazi yake. Kuzidi ni suala la kiasi: Juma amemzidi Ali kwa kimo. Kupita ni kufika mbele ya mwingine kwenye njia ileile. Kushinda ni matokeo ya pambano. Kutia fora ni kufanya vizuri hadi watu wakusifu. Kufunika, kama wanavyosema vijana, ni kung'ara hadi wengine wasionekane. Kisha kuna kupiku, kitenzi ambacho wachambuzi wa michezo wanakipenda sana, nacho kimetoka pale pale mezani: kupiku ni kuzishinda karata za wenzako, na baadaye ndipo kikapata maana pana ya kumshinda mtu yeyote kwa jambo lolote. Kwa hiyo aliyesema hatuna neno la 'trump' alikuwa na nomino na kitenzi mfukoni mwake.

Lakini kosa la kawaida zaidi ni jingine. Mwanasiasa akijaza uwanja, tunaandika kwamba amecheza karata ya turufu. Sivyo. Umati mkubwa ni ree ya kopa: ni karata kubwa, ndiyo, lakini ni ya jamii ileile wanayoicheza wapinzani wake, na kesho wakijaza uwanja mkubwa zaidi wamemzidi. Turufu ingekuwa, kwa mfano, stakabadhi moja ndogo mahakamani inayoonyesha kwamba mpinzani wake hakustahili kugombea. Hapo hesabu ya umati haina maana tena.

Mfano huo unatufikisha mahali ambapo tofauti ya turufu na ushindi wa kawaida si mchezo. Mwaka wa 1977 mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin alichapisha kitabu Taking Rights Seriously, ambamo alieleza kwamba haki za mtu binafsi ni turufu alizonazo dhidi ya malengo ya jamii nzima. Wapo wanaotafsiri hoja hiyo kwa kusema kwamba haki ni muhimu kuliko maslahi ya wengi. Tafsiri hiyo inaiua hoja yenyewe. Ukisema 'muhimu kuliko', umeshaleta mizani; na ukishaleta mizani, atatokea mtu wa kuongeza uzito upande wa pili. Leo haki ya mtu mmoja inazidi maslahi ya watu kumi. Je, mia? Je, milioni moja? Dworkin alikuwa anasema kwamba mahali fulani mizani yenyewe inawekwa kando.

Wahenga wetu walisema wengi wape, na mara nyingi ni hekima. Tukibishana kuhusu barabara ipite wapi, wengi wape. Lakini fikiria mshukiwa wa wizi aliyekamatwa sokoni, watu mia mbili wamemzunguka, mmoja ana petroli na mwingine ana tairi. Hapo kila mmoja ni karata kubwa: mwenye duka aliyeibiwa ana hasira ya haki, wakazi wamechoka na wizi, polisi hawajafika. Ukizihesabu, mshukiwa hana chake. Alichonacho ni mbili ya shupaza tu: kwamba yeye ni binadamu, na kwamba ana haki ya kusikizwa mahakamani. Katiba yetu, katika Kifungu cha 25, inataja mambo manne yasiyoweza kuwekewa mipaka kwa sababu yoyote: kutoteswa wala kudhalilishwa, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na amri ya kufikishwa mahakamani anayezuiliwa. Haki nyingine zinaweza kupunguzwa kwa masharti ya Kifungu cha 24. Hizo nne haziguswi. Hizo ndizo turufu zetu.

Katiba yenyewe pia ni turufu. Kifungu cha 2 kinasema sheria yoyote isiyoafikiana nayo ni batili kwa kiwango cha mgongano huo. Wabunge 349 wanaweza kuinua mikono yote, rais akatia sahihi, na bado raia mmoja akaenda kortini na kuiangusha sheria hiyo kwa ibara moja fupi. Watu hushangaa: mmoja amewashindaje 349? Swali hilo ni sawa na kuuliza mbili imeipigaje ree.

Na tusisahau kanuni ya mwisho ya mezani. Turufu huteuliwa kabla ya karata ya kwanza kutupwa. Huwezi kungoja uone umeshika nini ndipo ubadilishe jamii yenye cheo katikati ya mchezo. Wenzako watakutupia karata usoni na kuondoka. Wakenya waliteua yao katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Anayetaka kuibadilisha ana utaratibu wake, nao umefanywa mgumu kwa makusudi.

Ninachohofia ni kwamba neno hili litabaki kama ganda. Vijana wengi wa mijini siku hizi hucheza michezo ya karata isiyokuwa na turufu, na katika shule nyingi karata huhesabiwa kuwa kamari, zinanyakuliwa na kuchanwa. Mtu anayekua hivyo atalisikia neno turufu redioni na kudhani ni Kiswahili cha kupamba cha kusemea ushindi mkubwa. Walimu wa Kiswahili wanaweza kulizuia hilo kwa dakika kumi tu za kueleza jinsi mbili inavyoipiga ree, bila hata kuleta pakiti darasani.

Kwa mtafsiri, ushauri wangu ni huu. Ukikutana na 'trump', jiuliza kwanza kama mwandishi anazungumzia kiasi au daraja. Ikiwa ni kiasi, sema amezidi, amepita, ameshinda, basi. Ikiwa ni daraja, andika kwamba haki ya kutoteswa ni turufu mbele ya hasira ya umati, au kwamba Katiba huzipiku sheria zote. Usiogope kwamba msomaji hataelewa. Neno hilo lilikuwa likieleweka Mombasa na Lamu kabla ya shule ya kwanza ya Kiingereza kufunguliwa huko.